Ndiyo Inayokataa: Namna ya Kulisoma Swali la Kura ya Maoni Kabla ya Kulitolea Maoni

Neno lenyewe linahitaji kupembuliwa kwanza, kwa sababu hapa Arusha mtu akitamka "kura ya maoni" mbele ya wasikilizaji watatu, kila mmoja anaweza kuondoka na maana yake. Wa kwanza atafikiria mchujo wa ndani ya chama, pale wajumbe wanapowapigia kura watia nia. Wa pili atafikiria utafiti, yaani watu mia kadhaa wamepigiwa simu na kuulizwa wanaelemea upande gani, kisha asilimia zikatangazwa redioni. Wa tatu atafikiria kile ambacho sheria inakiita kwa jina hilo: wapiga kura wote walioandikishwa wanaulizwa swali moja kwenye karatasi, wanajibu ndiyo au hapana, na jibu lao linaamua jambo. Mwongozo huu unahusu maana ya tatu, ingawa ile ya pili itatuingilia njiani, kwa kuwa msimu wa uchaguzi utafiti huletwa mbele ya watu kana kwamba ni kura yenyewe.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchini kukusanya maoni mwaka 1991, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, lakini mwaka 1992 nchi iliingia katika vyama vingi, kwa sababu yale yalikuwa maoni ya kushauri wala hayakuwa kura ya kuamua. Kwa upande mwingine, tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kama wanaafiki muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na jibu hilo likawa msingi wa serikali iliyoundwa baada ya uchaguzi wa mwaka huohuo.

Mimi ni mfasiri mwenye ofisi ndogo upande wa Sanawari. Kazi yangu ya kila siku ni vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa na hukumu za mahakama, lakini kila baada ya miaka miwili, mwezi Oktoba unapokaribia, huanza kupokea picha za karatasi za kura kutoka Marekani. Ndugu zetu waliopata uraia kule hukuta kwenye karatasi moja si majina ya wagombea tu, bali pia maswali matano, sita, wakati mwingine zaidi ya kumi, kuhusu kodi, shule, dawa za kulevya na leseni za udereva. Wanauliza nyumbani, na nyumbani tunajibu haraka kuliko tunavyosoma. Haya ninayoandika yametokana na kujibu haraka huko.

Kosa la Machi 2020

Mama yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Portland katika jimbo la Maine na alikwisha kuwa raia, alinitumia picha ya swali siku mbili kabla ya kura ya tarehe 3 Machi 2020. Kwa Kiswahili, swali lilikuwa linasema hivi: Je, unataka kuikataa sheria mpya inayoondoa misamaha ya kidini na ya kifalsafa katika sharti la chanjo dhidi ya baadhi ya magonjwa ya kuambukiza kwa wanafunzi wa shule na vyuo, na kwa wafanyakazi wa shule za awali na vituo vya afya? Nililisoma nikiwa kwenye daladala la Ngaramtoni, jicho likadaka maneno "sharti la chanjo", na nikamwandikia kwenye kikundi cha ukoo, mbele ya wajomba wa Kibosho na wa Arusha: "Shikamoo mama mdogo. Ukitaka watoto wachanjwe, jibu ndiyo." Akajibu, "Marahaba mwanangu, nimekuelewa."

Nilikuwa nimempoteza. Ukilifumua swali hilo polepole, utaona kwamba lina makanusho matatu yaliyobebana. Sharti la chanjo lilikuwepo tangu zamani, na misamaha ya kidini na ya kifalsafa ilikuwa mlango wa kulikwepa. Sheria mpya ilikuwa inaufunga mlango huo. Swali linauliza kama unataka kuikataa sheria inayoufunga mlango. Kwa hiyo aliyesema ndiyo alikuwa anaukataa ufungaji, yaani mlango ubaki wazi, na aliyetaka wanafunzi wachanjwe bila misamaha hiyo alipaswa kujibu hapana. Bahati ni kwamba bintiye alikisoma kijitabu cha jimbo usiku ule akapiga simu, kwetu kukiwa kumeshapambazuka, akaniambia kwa adabu lakini bila kuzunguka kwamba kaka mfasiri amekosea. Siku ya kura, hapana ilishinda kwa takriban asilimia 73, maana yake sheria ilibaki.

Tangu siku hiyo sijibu swali lolote la kura kabla ya kuandika mistari mitatu kwenye karatasi. Mstari wa kwanza ni hali ya sheria ilivyo leo, kabla ya mtu yeyote kupiga kura. Wa pili ni kitakachobadilika ndiyo ikishinda. Wa tatu ni kitakachotokea hapana ikishinda. Katika mistari hiyo sitaki neno "kuunga mkono" wala "kupinga", kwa sababu maneno hayo hayasemi kinachoungwa mkono ni sheria au ni kufutwa kwake. Nataka vitenzi vya vitu vinavyoonekana: mwanafunzi atafanya nini shuleni, dereva atalipwa na nani, mwenye nyumba atatoa kiasi gani. Mstari wa pili na wa tatu ukishindwa kuuandika kwa vitenzi vya namna hiyo, bado hujalielewa swali, hata kama tayari una msimamo mkali juu yake.

Ugumu unaongezeka kwa sababu majimbo hayafuati mtindo mmoja. Mama mdogo alihamia Worcester, Massachusetts, na mwaka 2022 akakutana na swali la nne la jimbo lile, kuhusu sheria iliyowaruhusu wakazi wasioweza kuthibitisha ukaazi halali nchini Marekani kupata leseni za udereva. Hiyo nayo ilikuwa sheria iliyokwisha kupitishwa na wabunge wa jimbo, nayo pia ilipelekwa kwa wananchi na watu waliotaka ifutwe, kama ilivyokuwa Maine. Lakini kule Massachusetts, jibu la ndiyo lilimaanisha sheria ibaki, na la hapana lilimaanisha ifutwe. Aliyehama na mazoea yake ya Maine angepiga kura kinyume cha nia yake bila kujua. Ndiyo ilishinda kwa karibu asilimia 54.

Swali limetoka kwa nani, na linahitaji kura ngapi

Maswali haya huja kwa njia tatu kuu. Yapo yanayopelekwa na bunge la jimbo lenyewe, hasa marekebisho ya katiba ya jimbo. Majimbo yote isipokuwa Delaware huyapeleka marekebisho hayo kwa wapiga kura. Yapo yanayoanzishwa na wananchi wanaokusanya saini ili kupendekeza sheria mpya, utaratibu uliopokelewa kwanza South Dakota mwaka 1898, kisha Oregon mwaka 1902 na California mwaka 1911. Na yapo yale ya kuipinga sheria iliyokwisha kupita, kama haya mawili niliyoyaeleza. Ukijua njia swali lilikopitia, utajua pia nani alilitunga, na hilo ni jambo kubwa, kwa maana anayetunga swali huchagua maneno.

Kiwango cha kushinda nacho kisichukuliwe kwamba ni nusu na moja. Florida hudai asilimia 60 kwa marekebisho ya katiba yake, na mwaka 2024 swali la nne la huko, lililohusu utoaji mimba, lilipata takriban asilimia 57 za ndiyo na likaanguka. Mtu aliyeona kichwa cha habari kisemacho kwamba wengi wamesema ndiyo aliambiwa ukweli, na bado alielewa kinyume cha kilichotokea.

Sisi tuna kiwango chetu cha pekee. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu mjini Dodoma tarehe 2 Oktoba 2014, ilipangiwa kura tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine ulikuwa haujakamilika. Masharti yake yalikuwa kwamba ndiyo izidi nusu ya kura halali za Tanzania Bara na pia izidi nusu ya kura halali za Zanzibar, kila upande peke yake. Mtu wa Kaloleni au wa Pasua aliyekuwa akipiga hesabu ya jumla ya nchi nzima alikuwa anapiga hesabu isiyohusika. Waraka wenyewe ulikuwa mzito wa ibara mia mbili na zaidi, na jibu lake ni neno moja, kwa hiyo mistari mitatu ninayoipendekeza ingebidi irudiwe kwa kila sura, tena kwa ukali zaidi, maana anayekubali sura ya ardhi na kuikataa sura ya muungano hana mahali pa kulisemea hilo kwenye karatasi.

Pa kuyapata maneno halisi

Usianze na video, wala usianze na maelezo ya ndugu, hata ndugu huyo akiwa mfasiri. Anza na kijitabu rasmi cha jimbo. Massachusetts humtumia kila kaya kijitabu chenye maandishi ya sheria inayopendekezwa, muhtasari wake, maelezo ya kura ya ndiyo itafanya nini na kura ya hapana itafanya nini, maelezo ya gharama kwa serikali, na hoja mbili za maneno yasiyozidi 150, moja ya kila upande. Kwa msomaji mwenye haraka, yale maelezo mawili ya ndiyo na hapana ndiyo kiini cha kijitabu. Mimi huyafasiri hayo kwanza, neno kwa neno, kabla ya kugusa hoja.

California ina ofisi ya bunge inayochambua bajeti bila kuegemea chama, na uchambuzi wake huchapishwa katika kijitabu cha wapiga kura. Oregon nayo hutoa kijitabu kinene, lakini huko lazima mtu awe macho, kwa sababu kurasa nyingi za hoja zimelipiwa na wenye hoja au zimeingizwa kwa kukusanya saini, na kukaa ndani ya chapisho la serikali hakuzifanyi kuwa maneno ya serikali. Nimewahi kumwona mtu mzima, msomi, akinukuu hoja ya kulipiwa kama tamko la jimbo. Tafuta mstari mdogo chini ya hoja unaomtaja aliyeiwasilisha.

Kwa asiyekuwa na kijitabu, tovuti ya Ballotpedia hukusanya maandishi ya maswali ya majimbo yote, historia yake na fedha zilizotumika, na Vote411 ya League of Women Voters humwonyesha mpiga kura karatasi yake kwa kuingiza anwani anayoishi. Hizo ni zana nzuri, ila zitumike kulipata swali na kulilinganisha na picha aliyotuma ndugu. Namba ya swali na mwaka vikipishana, simama. Massachusetts huwa na swali la pili karibu kila uchaguzi, na makala ya swali la pili la mwaka 2016, lililohusu shule zinazoendeshwa kwa mkataba, huzunguka hadi leo kana kwamba inahusu swali la pili la mwaka mwingine.

Fedha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye uhondo na ndipo watu wa nyumbani tunapoachwa nyuma kabisa. Kampeni ya swali haina mgombea, kwa hiyo haina uso, na mahali pasipo na uso ndipo jina zuri la kamati hufanya kazi. Kamati hujiita kwa majina ya familia, ya wazazi, ya madereva, ya afya, na jina hilo halikuambii lolote. Kinachokuambia ni orodha ya waliochangia.

Mwaka 2020 California ilikuwa na swali lililoitwa Pendekezo la 22, kama madereva wanaopata abiria kwa programu za simu waendelee kuhesabiwa kuwa watu waliojiajiri. Dereva yeyote wa bodaboda au bajaji pale Kilombero anayepokea abiria kwa simu angelielewa swali hilo kwa dakika moja: je, yule anayenikata asilimia katika kila safari ni mwajiri wangu au si mwajiri wangu? Matangazo ya upande wa ndiyo yalijaa sura za madereva wakisema wanapenda uhuru wa kupanga saa zao, na sina sababu ya kusema madereva hao hawakuwa wa kweli. Lakini waliolipa ni Uber, Lyft, DoorDash na wenzao, na walilipa zaidi ya dola milioni 200. Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 58. Kujua aliyelipa hakukuambii kwamba hoja ni mbovu. Kunakuambia ni maswali gani hoja hiyo inaweza kuyakwepa.

Majimbo kadhaa yanalazimisha wachangiaji wakubwa watajwe ndani ya tangazo lenyewe. California hutaka watatu wa juu, Massachusetts hutaka watano. Maandishi hayo huwa madogo na huonekana kwa sekunde chache mwishoni, basi simamisha video ukayasome. Hata hivyo, mchangiaji anaweza kuwa ni jumuiya iliyopokea fedha kutoka kwa watu wasiotajwa. Katika kura ile ya shule za mkataba ya mwaka 2016, shirika moja la New York lilitoa zaidi ya dola milioni 15, na mwaka uliofuata lilikubali kulipa zaidi ya dola 426,000 kwa jimbo la Massachusetts na kuyataja majina ya watoaji iliokuwa imewaficha. Kura ilikuwa imekwisha kupigwa zamani. Ndiyo maana jina la jumuiya usiyoifahamu katika nafasi ya kwanza ya orodha lichukuliwe kuwa ni mlango uliofungwa, wala si jibu.

Kwa matangazo ya Facebook na Instagram, kuna maktaba ya matangazo ya Meta ambayo hufunguka bila akaunti. Ingia, chagua nchi, chagua kundi la masuala ya jamii, uchaguzi na siasa, kisha andika jina la kamati au maneno ya swali. Itakuonyesha nani alilipa, kiwango cha fedha kwa makadirio, siku tangazo lilipoanza, na liliwafikia watu wa umri gani na wa eneo gani. Mimi hutazama hilo la mwisho zaidi. Kamati moja inapowaambia vijana wa mjini jambo moja na wazee wa vijijini jambo jingine kuhusu swali lilelile, huhitaji mchambuzi akuambie chochote.

Kuipima hoja

Mwaka 2024 Massachusetts iliuliza kama mtihani wa jimbo uitwao MCAS uache kuwa sharti la kuhitimu shule ya sekondari. Mama mdogo alipolileta swali hilo kikundini, palichemka, kwa sababu kila mzazi wa Kitanzania ana kovu lake la mtihani wa Kidato cha Nne. Mjomba mmoja, mwalimu mstaafu wa Moshi, alituma sauti tatu ndefu akieleza kwamba kufuta mtihani ni kuua elimu. Binamu yangu akajibu kwamba mitihani imewaua watoto kabla ya elimu kufa. Wote wawili walizungumza vizuri, na hakuna aliyezungumzia swali.

Swali halikuuliza kama mtihani ufutwe. Wanafunzi wangeendelea kuufanya kwa matokeo yoyote ya kura. Kilichokuwa kinaondolewa ni nguvu yake ya kumzuia mtu kuhitimu, na mahali pake pangechukuliwa na kukamilisha masomo yaliyothibitishwa na wilaya ya shule kwamba yanafikia viwango vya jimbo. Ukishaliweka hivyo, hoja zinabadilika. Anayesema hapana inambidi aeleze kwa nini kipimo kimoja kwa jimbo zima ni bora kuliko vipimo vya wilaya mbalimbali, na anayesema ndiyo inambidi aeleze nani atazizuia wilaya kulegeza viwango. Hayo ndiyo maswali ya kuwapeleka wenye hoja. Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 59, huku chama cha walimu cha jimbo kikiwa mbele upande huo.

Njia yangu ya kuipima hoja ni kuiuliza: je, hoja hii ingebaki kuwa kweli hata kama swali lisingekuwepo? "Elimu ni muhimu" ingebaki kuwa kweli, kwa hiyo haisaidii. "Wilaya yenye fedha kidogo itashindwa kuthibitisha masomo" haina maana bila swali hili, kwa hiyo inastahili kuchunguzwa, hata kama mwishowe itaonekana si sahihi. Ukizichuja sauti za kikundi kwa kipimo hicho, dakika arobaini za mazungumzo hubaki dakika tatu.

Oregon walijaribu kuufanya uchujaji huu rasmi. Mwaka 2010 walianza kuwateua kwa bahati nasibu wapiga kura 24, wakawaketisha siku tano kuwasikiliza wa ndiyo, wa hapana na wataalamu, kisha wakaandika ukurasa mmoja wa mambo waliyoyaona kuwa kweli, ukachapishwa ndani ya kijitabu. Sisi hatuna siku tano, lakini nimeona jioni moja inatosha pale watu sita wanapokubali kwamba kila mmoja ataeleza hoja ya upande asioupenda mpaka mwenye upande huo aseme, "Naam, hivyo ndivyo ninavyoamini." Tulifanya hivyo Kijenge, kahawa ikiwa mezani, na mjomba mstaafu alikataa mara mbili kabla ya kukubali.

Alama nazo zina nguvu yake. Wenzetu wa ng'ambo ya Namanga walipopiga kura ya katiba mwaka 2005, ndiyo ilipewa alama ya ndizi na hapana ikapewa chungwa, chungwa likashinda, likazaa hata jina la chama cha siasa. Mwaka 2010 ikawa kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, na kijani ikashinda. Mtu akikuuliza unapendelea tunda gani au rangi gani, mrudishe kwenye ile mistari mitatu.

Utafiti wa maoni na vitu vya kwenye simu

Utafiti ukisema asilimia 52 ni ndiyo na 48 ni hapana, tafuta idadi ya walioulizwa. Ikiwa ni watu 600, kosa linaloruhusiwa ni takriban asilimia 4 kila upande, kwa hiyo ndiyo inaweza kuwa 48 na hapana ikawa 52, na aliyetangaza kwamba ndiyo inaongoza ametangaza zaidi ya alichopima. Wakiwa 1,000, kosa hushuka hadi karibu asilimia 3 tu. Tafuta pia maneno walioulizwa nayo: kama hayakuwa maneno ya kwenye karatasi ya kura, umesoma utafiti wa swali jingine. Kisha tazama waliulizwaje. Sauti za Wananchi ya Twaweza, kwa mfano, huwapigia simu watu wa kundi lililoteuliwa tangu awali kwa kufuata kanuni za takwimu, ilhali kura inayopigwa kwa kubofya kwenye ukurasa wa redio huhesabu waliopenda kubofya, hata wawe laki moja.

Kwenye WhatsApp, mishale miwili juu ya ujumbe inamaanisha umepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kukufikia, na ndiyo sababu tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hauwezi kupelekwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja. Mishale hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia si aliyeandika, basi usimhukumu yeye wala usimwamini kwa sababu ni shemeji yako. Picha ya karatasi ya kura au ya umati ipitishe kwenye utafutaji wa picha wa Google uone ilionekana mara ya kwanza lini. Sauti zilizorekodiwa ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa hazina pa kutafutwa, nami nimejiwekea kanuni ya kutoisambaza sauti ya mtu asiyejitaja jina na mahali alipo.

Unapomwandikia ndugu

Kwanza hakikisha anastahili kupiga kura. Mwenye kadi ya kijani si raia, na akipiga kura katika uchaguzi wa jimbo au wa taifa kule anaweza kushtakiwa na hata kuondolewa nchini, hata kama aliandikishwa kwa bahati mbaya alipokuwa akichukua leseni ya udereva. Jambo hili lisemwe waziwazi kikundini, maana aibu ya kuuliza imewaponza watu. Pili, sisi tulio huku tusitume fedha kwa kampeni yoyote. Sheria ya shirikisho inawakataza wageni kuchangia kampeni za wagombea, na kuhusu maswali majimbo yana sheria zinazotofautiana, baadhi zikiwa kali. Maoni hayana kodi, yatume.

Katika ujumbe wenyewe, mistari mitatu itangulie, halafu hoja nzito moja ya kila upande, kisha aliyelipa, na msimamo wako uwe mwisho, ukiwa umeandikwa kwamba ni msimamo wako. Usimtumie picha ya karatasi iliyokwisha kujazwa ili aige. Mwandikie kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili si miongoni mwa lugha ambazo sheria ya shirikisho inalazimisha karatasi zifasiriwe, lakini mwambie pia kwamba sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965, kama ilivyorekebishwa mwaka 1982, inampa asiyeweza kusoma karatasi haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ili mradi asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala afisa wa chama chake cha wafanyakazi.

Novemba 2024 mama mdogo aliingia kituoni Worcester na bintiye, mkononi ana karatasi yangu yenye maswali matano na mistari kumi na mitano. Alipotoka alituma kikundini picha ya kibandiko walichompa, amekibandika kwenye koti. Mjomba akamwuliza la mtihani amejibu nini. Akaandika: "Kwani kituturi kina dirisha?"